Ile Deheni Uliyoipaka Gari la Baba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, huko uliko. Nimeitanguliza shikamoo kwa sababu nakujua: usingeiona kwenye mstari wa kwanza ungeikunja barua hii na kuuliza aliyeiandika amelelewa na nani. Sisi sote hatujambo. Baba hajambo, miguu tu inamsumbua, na bado anagombana na paka. Mkweo Athumani anakusalimu sana. Mjukuu wako Mwanakombo, tuliyempa jina lako, ameanza kutembea, na hana analokatazwa akakatazika. Jina limemkaa.

Nina habari ya juma lililopita. Nimeibeba kifuani siku zote hizi na hakuna mwingine wa kuambiwa ila wewe. Lakini siwezi kuanza na juma lililopita. Lazima nianze na siku za harusi yangu, uani kwetu Likoni, maana habari yenyewe ni ile ile moja.

Unakumbuka siku gari la Baba lilipoingia uani? Kigari cha kijivu, kimepita mikono ya watu wasiojulikana idadi, mlango mmoja ukifunguka kwa kubembelezwa. Miaka yote Baba alikuwa akienda kwenye matangi ya mafuta Changamwe kwa miguu, kwa feri na kwa basi, na siku ile aliingia akipiga honi kama anayeleta habari za mwezi kuandama. Majirani walikuja kumpongeza. Wewe ulilizunguka gari mara mbili bila kusema neno, ukainama ukachungulia chini yake, kisha ukainuka ukajifuta mikono.

"Hili litaliwa na chumvi," ukasema.

"Si mashua hili, Mama Saumu," Baba akakucheka.

"Kila chenye chuma kikakaa Likoni ni mashua."

Babu aliyekuzaa alikuwa fundi wa mashua, nawe ulikulia katikati ya mbao zake na ndoo zake. Kesho yake ukatia chokaa kwenye karai, ukamwagia mafuta ya papa, ukakanda na kukanda mpaka ikawa deheni ile ile aliyokuwa babu akipaka matumbo ya mashua zake. Ukajifunga leso mbili, ukalala chali chini ya gari la mumeo. Ulipaka kila mahali mkono ulipofika. Siku nne tulikula madirisha yamefungwa. Paka wa mtaa mzima walihamia kwetu, wakawa wanalala chini ya gari na kuramba magurudumu. Huko Changamwe wenzake Baba walimuuliza kama siku hizi anavua. Hakukasirika hata kidogo. Alisema mwanamke anayelipaka mafuta gari lako hawezi kuwa na nia mbaya nawe.

Deheni ile ilikauka ikawa ngumu, ya kijivu kama gari lenyewe, na vumbi likaifunika. Harufu ikaisha. Tukaisahau sote, hata wewe uliyeipaka.

Sasa nije kwenye sauti yako. Harusi kwetu haikuwa harusi mpaka wanawake wa chama chenu cha ngoma watoke na vugo, pembe za nyati zikigongwa kwa vijiti, njia nzima ikijaa leso, na wewe mbele ukiimba. Nilikua nikijua kwamba mama yangu ni yule anayetangulia. Nikiwa mdogo ulinambia kuna wimbo mmoja umeutunga na hujamwimbia mtu, unauweka kwa ajili ya siku yangu. Nikikuuliza maneno yake ulinifukuza jikoni.

Mwaka ule niliposwa, kifua kilikushika. Ulilala, ukachemshiwa kila jani, ukapelekwa hospitali ukarudishwa, na kwa rehema ya Mungu ukapona. Lakini sauti haikurudi yote. Ya kuzungumza ilikuwepo, ya kugomba ilikuwepo kwa wingi, ila ya kuimba ilifika mlangoni ikakwama. Ukipandisha, ulikohoa.

Majuma mawili kabla ya harusi wenzako wa chama walikuja, wakiongozwa na Bi Zubeda, rafiki yako wa tangu chuo cha Kurani. Walizungumza kwa upole mkubwa. Walisema wewe ni mama wa bibi harusi, ukae kitini uheshimiwe, na Bi Zubeda ataongoza vugo kwa niaba yako. Ukawamiminia kahawa. Ukacheka nao. Walipoondoka ukaviosha vikombe, ukavifuta, kisha ukavirudisha kwenye maji ukaviosha tena. Sijawahi kukuona ukilia, Mama, lakini siku ile nilikuona ukiosha vikombe visafi, na nikajua.

Baba naye alijua. Siku ya tatu alirudi kutoka kazini na sanduku zito kitini kwa gari. Ilikuwa amplifaya, sanduku la kukuza sauti, iliyokuwa zamani ndani ya gari la serikali la kuonyesha sinema vijijini, wakaiuza ilipochakaa. Pamoja nayo kulikuwa na maikrofoni yenye waya mrefu, na spika ya bati yenye mdomo mpana uliotosha kuingia kuku wawili.

"Sauti yako imekuwa ndogo," akakwambia, bila kuzunguka. "Basi nimekuletea kubwa. Mimi nitaendesha polepole, wewe utatembea nyuma ya gari na wenzako, uimbe kwa sauti hiyo hiyo uliyobakiwa nayo. Hili dubwana litamaliza kazi."

Uliipangusa spika vumbi kwa ncha ya leso. Kisha ukasema, "Na gari litasafishwa kwanza, maana limejaa mchanga." Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukishukuru.

Baba hakutaka fundi, akahangaika nayo peke yake zaidi ya juma. Alifunga spika juu ya gari ikitazama mbele, akaiweka amplifaya nyuma, na kwa umeme akachukua kipande cha waya kilichokuwa kimefungia mzigo wa kuni akakiunga kwenye waya wa taa za mbele. Akawasha. Sanduku likavuma. Ukashika maikrofoni kwa mikono miwili, na hapo ndipo niliposikia wimbo wangu kwa mara ya kwanza, nikiwa nimechungulia dirishani na mkono kinywani:

*Nimelea nikalea, na leo ninamtoa,*
*Uchukuaye chukua, moyo wangu sikutoa.*

Lakini sikuusikia wote siku ile. Sauti ilitoka vizuri mpaka mwisho wa "chukua." Pale sauti inapopanda, kwenye "moyo wangu," taa za gari zikafifia, spika ikakoroma mara moja, na kukawa kimya. Ukarudia. "Moyo wa—" na koromo. Ukarudia tena. Kila mara ilikufa pale pale, mahali pale ambapo hata kifua chako kilikuwa kikifa. Majirani waliokuwa wamekusanyika ukutani walianza kucheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Ukaiweka maikrofoni chini taratibu, ukasema labda Bi Zubeda ana haki.

Baba akakiri kwamba anahitaji fundi. Akauliza ni nani fundi wa vitu hivi. Hakuna aliyejibu, kwa sababu kila mtu alilijua jibu. Fundi redio aliyejulikana kote upande wetu alikuwa kijana mmoja wa Mjambere, Kisauni, na huyo kijana ndiye aliyekuwa anioe mimi.

Shangazi, aliyekuwa akinilinda ndani, alikuja juu. "Bwana harusi haji kwa mke kabla ya siku yake. Hayo hayajaonekana, wala hayataonekana nyumba hii."

Wewe ukatoa hukumu yako. "Haji bwana harusi. Aja fundi. Tena apite mlango wa nyuma."

Siku fundi alipokuja nilikuwa tayari nimetiwa ndani. Nilikuwa nimepakwa liwa, sandali ya kusagwa, toka kichwani hadi kidoleni, nimekalishwa kwenye mkeka chini ya dirisha la uani, mbao za dirisha zimefungwa na Shangazi amejipanga kati yangu na kitasa. Sikuruhusiwa kutoka, wala kuonekana, wala sauti yangu kusikiwa na mwanamume asiyenihusu, na zaidi ya wote huyo mmoja. Nikamsikia Athumani akiingia, akikuamkia wewe na Baba kwa adabu kubwa mno. Nilitamani kucheka, nikaliuma shuka.

Alifungua boneti, akafungua nyuma, akaufuatisha waya kwa kidole. Kisha akasema, "Mzee, amplifaya hii ina kiu. Kwa maneno ya kawaida yanywa kidogo, hutatambua. Lakini Mama akipandisha, yataka kunywa ndoo nzima kwa mara moja, nawe umeipa kijiko. Waya huu ni mwembamba, tena amplifaya yaugawana na taa."

Kesho yake, baada ya alasiri, akarudi na waya mnene kama kidole changu cha mwisho, shaba tupu ndani, alioutafuta kwa wauza vyuma chakavu Changamwe. Aliufunga moja kwa moja kwenye betri, akauwekea fyuzi karibu na betri ili ukiungua usiunguze gari, akaupitisha chini ya mazulia mpaka nyuma. Miisho yake aliitia lehemu. Waya wa kurudi, ambao ni lazima ushike chuma cha gari, akaufunga kwenye bolti moja kubwa chini nyuma. Kisha akafanya jambo lililonipendeza hata kabla sijaliona: akatundika balbu ndogo kando ya amplifaya, aliyoiunga papo hapo umeme unapoingilia kwenye sanduku.

"Mama," akakwambia, "ukiimba itazame hii. Ikiwaka sawasawa, jua sanduku linashiba. Ikififia, jua lina njaa."

Ukashika maikrofoni. Nikatega sikio nyuma ya dirisha. *Nimelea nikalea, na leo ninamtoa, uchukuaye chukua, moyo wa—*

Koromo.

Nilisikia Athumani akisema, "Taa za gari hazikufifia. Balbu imefifia." Akakagua fyuzi. Akakaza betri. Ukarudia. Koromo. Akafungua amplifaya akagusagusa vali zake, zile chupa za kioo zinazowaka ndani. Ukarudia, na sasa ulikuwa unakohoa. Koromo. Harusi ilikuwa kesho kutwa. Nikamsikia mchumba wangu akipumua kama mtu aliyebeba gunia, na nikaelewa hofu yake: alikuwa anakaribia kuingia nyumba ya watu kama mkwe aliyeshindwa na kazi yake mwenyewe mbele ya mama mkwe. Na nilijua ya kwako pia. Ungekaa kitini. Ungeheshimiwa. Na wimbo wangu ungebaki tumboni mwako.

Hapo ndipo pua yangu iliponisaidia. Kwa siku mbili nilikuwa nikinusa liwa na udi tu, na ghafla nikasikia kitu kingine.

"Shangazi," nikanong'ona, "nani akaanga papa saa hizi?"

"Hapana akaangaye. Nyamaza, atakusikia."

Ukaimba tena, ikakoroma tena, na harufu ikaja tena, kali zaidi. Ukanyamaza, harufu ikapungua. Nikakumbuka ua wa babu. Nikakumbuka paka. Nikasimama, Shangazi akanishika leso, nami nikasema kwa sauti ya mtu asiye na haya, "Mama!"

"Watakani?" ukaitikia kutoka uani.

"Ile deheni uliipaka wapi?"

Ukaiweka maikrofoni juu ya gari.

"Deheni gani?"

"Ya babu. Uliyoipaka gari."

"Niliipaka chini."

"Chini wapi?"

"Kote. Wallahi, sikuacha hata shubiri moja."

"Basi mwambie fundi aiguse bolti aliyofungia waya."

Ukamgeukia Athumani, ambaye alikuwa hatua mbili tu kutoka kwako na masikio yake yalikuwa mazima. "Fundi, yuwasema uiguse bolti."

"Mwambie nimesikia," akajibu Athumani kwa heshima, "na sasa naenda kuigusa."

Akaingia chini ya gari. Tukasikia "Ya Rabi," na kichwa kikigonga bati. Alitoka na kidole mdomoni. Bolti ilikuwa moto kama kikaango. Alikuwa ameufunga waya wake mzuri wa shaba juu ya deheni yako, akidhani ule ukijivu mgumu ni rangi ya kiwandani. Hakuna kitabu cha ufundi kilichomwambia kwamba Likoni kuna mwanamke anayelipaka gari kama mashua. Umeme ulikuwa ukijipenyeza kwenye nyuzi za bolti kidogo kidogo, na kila ulipopandisha sauti na sanduku likataka ndoo yake, kile kisichoweza kupita kilibaki pale kikikaanga mafuta ya papa.

Baba alicheka mpaka akashika mti wa kuanikia nguo. Majirani walicheka. Mimi nilicheka na Shangazi akacheka huku akinipiga begani. Wewe hukucheka. Shangazi alinifungulia ufa mdogo wa dirisha, Mungu amrehemu, nikakuona umekaa kwenye kizingiti na mikono mapajani.

"Basi ni mimi," ukasema. "Nimejiziba mdomo kwa mkono wangu."

Athumani akachuchumaa mbele yako. Hilo nalikumbuka kuliko yote ya siku ile, kwa sababu ndipo nilipojua kwamba sikukosea kukubali posa. Hakukucheka, wala hakukubembeleza kama mtoto.

"Mama, nimefungua magari mengi ya ufukoni," akasema. "Bolti kama ile huwa naikuta ni kutu tupu, naishika yavunjika mkononi. Yako ni nzima kama jana. Bila deheni yako leo nisingekuwa na pa kufungia. Ni mpangilio tu tulioukosea. Kaza kwanza, paka baadaye."

Ukamtazama. "Kaza kwanza, paka baadaye," ukarudia, kama unayeonja chumvi.

Akachukua kisu, akakwangua. Akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Akafunga waya, akakaza kwa spana mpaka akaguna. Kisha akatoka, na badala ya kujifuta mikono akakuomba deheni. Ulikuwa na kidogo kwenye kopo nyuma ya jiko, maana hukuwa ukitupa kitu. Ukajifunga leso mbili, mama mkwe na mkwe mkaingia chini ya gari pamoja, na ukapaka mwenyewe juu ya bolti iliyokazwa, pole pole, kuzunguka. Shangazi alisema hayo nayo hayajaonekana.

Kisha ukaimba.

Mama, sina maneno ya jambo lile na nimetafuta miaka. Ulitumia sauti ile ndogo uliyobakiwa nayo, ya mlangoni, hukuipandisha hata kwa nguvu, na ilipofika "moyo wangu" haikukwama. Ilitoka. Ilitoka kubwa na nzito, ikapita juu ya mapaa, kuku wakakimbia, mbwa wa Shelly Beach huko wakaitikia, na uani kwetu hakuna aliyetikisika. *Moyo wangu sikutoa.* Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipousikia wimbo wangu mpaka mwisho. Nililia liwa yote ikachirizika, na Shangazi akaanza kunipaka upya akinigombeza huku yeye mwenyewe akifuta macho kwa kiwiko.

Bi Zubeda alikuja mbio kutoka mtaa wa tatu, mikono imejaa unga. Alisimama mlangoni akakutazama wewe, akalitazama gari, akakutazama wewe tena.

"Basi mimi nitapiga pembe," akasema, na mkakumbatiana, na unga wote ukahamia kwenye leso yako.

Harusi yangu ilivyokuwa unajua, ulikuwa mbele. Baba aliendesha kwa mwendo wa kobe, akiwa amevaa kofia yake ya Idi. Uliimba toka nyumbani hadi njia kuu na kurudi, na kwa kila mstari ulikuwa ukiiangalia ile balbu kama unayemwangalia mtoto. Siku ya tatu, nikiwa nimetoka na mume wangu tunavuka feri kwenda kwao, nilimsikia muuza mahamri akimuuliza mwenzake ni nani yule mwanamke wa Likoni aliyeimba juzi akasikika hadi ng'ambo ya pili. Nilimwambia Athumani anishike, nisije nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Nilipokuletea habari hiyo ulisema muuza mahamri yule ana masikio mazuri, na ukampelekea salamu kila juma mpaka ulipoondoka.

Uliimba harusi nyingine nyingi baada ya yangu. Ukawa na mpango wako: kabla ya kila shughuli unamwita Athumani, anafungua bolti, anasugua, anakaza, na wewe unapaka. Hukumruhusu mtu mwingine kupaka. Ulipolala mara ya mwisho, uliniuliza kama kopo bado lina deheni. Nilikwambia limejaa. Ukaridhika, na mambo mengine yote ya dunia ukayaacha bila kuyauliza.

Haya, sasa habari yangu.

Juma lililopita tumepata uhuru wetu. Ungeiona Likoni, Mama. Kila nyumba imetundika kitu, asiye na bendera katundika leso. Wanawake wa chama wakaamua watoke na vugo mchana kweupe, kutoka uwanjani hadi feri, na Bi Zubeda akaja kwangu.

"Gari la babako liko," akasema. "Amplifaya iko. Twataka mtu wa kuimba."

Nikamwambia aimbe yeye. Akasema ameahidi kupiga pembe na hajafunguliwa ahadi hiyo na mwenyewe aliyeahidiwa. Nikamwambia sauti yangu si kitu. Akanambia, "Ya mamako nayo haikuwa kitu. Nilikuwepo." Nikakubali.

Nakwambia ukweli, kwa sababu wewe hufichwi kitu: niliogopa. Tangu ulipoondoka sikuwahi kuishika maikrofoni ile. Niliifuta vumbi kila Ijumaa, lakini kuishika kwa kuimba, hapana. Niliona nikiimba mahali pako nitakuwa nimekubali kwamba pamebaki wazi.

Siku ilipofika Athumani alisugua, akakaza, na mimi nikapaka. Mkono wangu ulikuwa mzito, nadhani ungenipokonya kopo. Baba alikataa kubaki nyumbani, akakaa mbele kando ya Athumani na mjukuu wako mapajani. Wanawake wakajipanga. Pembe zikaanza. Walitaka tuanze na wimbo wako, kisha ndio tuingie nyimbo za uhuru, wakasema vugo la Likoni haliwezi kuanza na kingine.

Nikaanza. *Nimelea nikalea.* Haikusikika vizuri. *Na leo ninamtoa.* Watu wa nyuma wakaanza kuuliza kuna nini. *Uchukuaye chukua*, na nilipofika pale, Mama, sauti ikafa. Pembe zikanyamaza moja moja. Nilisikia mtu akisema waya, mtu mwingine akisema betri.

Athumani akasimamisha gari. Akatoka na kanzu yake nyeupe ya uhuru, na bila hata kuikunja akalala chali kwenye vumbi, akaingia chini. Njia nzima ilisubiri. Akatoka na mgongo mwekundu wa udongo, akanijia karibu, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Bolti iko baridi."

"Hebu tazama waya," nikamwambia.

"Waya ni mzima. Saumu, tazama balbu."

Nikaitazama. Ilikuwa inawaka. Ilikuwa imewaka sawasawa wakati wote ule, bila kutikisika, nami sikuwa nimeiangalia hata mara moja. Nilikuwa nimeishika maikrofoni mbali na mdomo, mikono yote miwili imenyooka, kama mtu aliyebeba kitu cha mwenyewe anayetaka kukirudisha. Sanduku lilikuwa limeshiba. Aliyekuwa na njaa ni mimi.

Dirishani kwa gari mjukuu wako alikuwa ametoa kichwa ananitazama. Nikaivuta maikrofoni karibu mpaka ikanigusa mdomo. Ina harufu bado, Mama, hata baada ya miaka yote hii, harufu ya vidole vyako vilivyotoka kupaka. Nikacheka hapo hapo, na kicheko changu kikapita juu ya Likoni nzima kabla ya wimbo. Bi Zubeda akagonga pembe.

Niliimba mpaka mwisho. Sikuwa wewe, na hakuna aliyetaka niwe. Nilipofika "moyo wangu" niliangalia balbu tu, kama ulivyokuwa ukifanya, na haikufifia.

Lala salama, mama yangu. Deheni imebaki nusu kopo, nitachanganya nyingine mwezi huu kwa vipimo vyako, na Mwanakombo nitamkalisha karibu aone. Kwanza nitamfundisha kukaza.

Mimi mwanao, yule wa dirishani,
Saumu